Anayeshuka Kimya

Barabara kuu ya Thika humficha msafiri nchi anayopita. Tangu ilipokamilishwa mwaka 2012, mtu huvuka mto Ruiru, akavuka Ndarugu karibu na Juja, akafika Chania pale hoteli ya Blue Posts, na asitambue kwamba amevuka mto wowote. Wahandisi walikata vilima, wakajaza mabonde, na gari likaacha kuuliza maswali. Lakini ukipinda kushoto kuelekea Gatundu, Mang'u au Gatanga, nchi yenyewe hujitokeza: mgongo, bonde, mto, kisha mgongo mwingine. Maji yanayotoka milima ya Aberdare yamechonga ardhi hii kwa mistari inayoelekea kusini mashariki, na yeyote anayetaka kuikata mistari hiyo kwa miguu au kwa baiskeli hana budi kushuka, kuvuka na kupanda. Ruiru na Ndarugu humwaga maji yake Athi, mto unaofika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Chania na Thika huishia Tana. Mwendesha baiskeli anayetoka Ruiru asubuhi akafika Thika kwa njia za mashambani amehama kutoka himaya ya mto mmoja hadi ya mwingine, na amelipia safari hiyo kwa miteremko mingi mifupi, kila mmoja ukiishia kwenye daraja.

Mbio za baiskeli za milimani, zile za krosi-kantri, zimeumbwa hivyohivyo. Washindani huzunguka njia fupi, kwa kawaida ya kilomita 4 hadi 6, mara kadhaa, kwa muda wa saa moja na ushei, wakipanda na kushuka bila kupata tambarare ya kupumzikia. Mchezo huo uliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta. Ila baiskeli yenyewe ilizaliwa kwa kushuka tu. Tarehe 21 Oktoba 1976, katika wilaya ya Marin, California, kundi la vijana lilishindana kuteremka barabara ya vumbi kwa baiskeli nzito za kizamani. Breki zao zilikuwa zile za kukanyaga pedali kinyume, na zilipata moto hadi grisi ikafuka moshi, ikabidi zifunguliwe na kujazwa grisi upya kila baada ya safari. Miaka 20 baadaye medali zilipoanza kutolewa, tayari watu walikuwa wameshazoea kuamini kwamba mbio huamuliwa kwenye mpando.

Huku kwetu imani hiyo ina mizizi mirefu zaidi. Tumezoea kusifu mapafu. Nchi ya wakimbiaji wa masafa marefu humpima mtu kwa jinsi anavyoukabili mlima, na anayefika juu wa kwanza huitwa shujaa. Anayetangulia kushuka husemwa ana roho ngumu, na akianguka husemwa alijitakia. Katika kauli hizo mbili hakuna nafasi ya ufundi. Mimi nimekaa muda mwingi kando ya njia za mashamba ya kahawa, upande wa Ruiru na upande wa Thika, nikiwatazama wanaoshuka vizuri, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ujasiri unavyopungua machoni pangu na kazi ya mikono inavyozidi kuonekana.

Mshukaji mzuri hutambulika kwa masikio kwanza. Asiyejua hushuka na kelele nyingi: cheni inapiga fremu, tairi la nyuma linakwaruza changarawe, breki zinalia kuanzia juu hadi mtoni. Anayejua hupita na mvumo wa matairi, basi. Nilimsikia mpanda mmoja wa makamo akimngoja kijana wake chini ya mteremko, karibu na daraja la mbao.

"Kijana, breki zako nimezisikia kabla sijakuona."

"Mzee, si huu mteremko ni mkali."

"Ukali ni huohuo nimeshuka mimi. Wewe umeshika breki njia nzima. Shika pale juu penye ardhi nzuri, halafu achilia."

Halafu achilia. Maneno hayo mawili yanabeba sehemu kubwa ya elimu hii, lakini hayawezi kufuatwa na mtu ambaye mwili wake haujakaa sawa, kwa hiyo nianze na mwili.

Mtazame anavyosimama. Kabla ardhi haijaanza kuinama, ameshainuka kitini. Pedali zake ziko usawa mmoja, moja mbele na moja nyuma, ili isiwepo ya kugonga jiwe au kisiki. Visigino vimeshuka kidogo, magoti yamekunjwa, viwiko vimefunguka kwenda nje, kifua kimeinama karibu na usukani. Uzito wote uko miguuni. Mikono inashika usukani bila kuuegemea, na kuna kipimo chepesi cha kulijua hilo: akiweza kulegeza vidole kwa nukta moja bila mwili kwenda mbele wala kurudi nyuma, amesimama sawa. Kutoka hapo baiskeli inakuwa huru kucheza chini yake. Gurudumu linapopanda tuta, magoti na viwiko hukunjika na kulimeza. Linapotumbukia upande wa pili, hunyooka na kulifuata. Kichwa chake, ukikitazama peke yake, karibu kinasafiri kwa mstari ulionyooka, na huko chini baiskeli inaruka na kuyumba kwa niaba yake.

Barabara za mashamba ya kahawa ni shule nzuri ya jambo hili kwa sababu zimekatwa na matuta ya kugeuza maji ya mvua. Kila baada ya hatua kadhaa kuna tuta la udongo lililolazwa mshazari, na nyuma yake mfereji. Limewekwa kwa ajili ya udongo usichukuliwe na mvua za Aprili, lakini kwa mwendesha baiskeli ni mtihani unaorudiwa hadi aufaulu. Anayekaza viungo hurushwa hewani na kutua vibaya. Anayelegea hupita juu yake na kasi yake ileile, na mwenye ustadi zaidi hutoka na kasi iliyoongezeka, kwa kuwa alisukuma baiskeli chini kwenye mgongo wa pili wa tuta pasipo kupiga pedali hata mara moja.

Kosa la kawaida ni kurudi nyuma mno. Woga humvuta mtu nyuma, na kuna ushauri wa zamani unaomsukuma hukohuko: mteremko ukiwa mkali, kalia tairi la nyuma. Kwenye genge la wima ushauri huo una faida kwa sekunde moja. Kwenye mteremko wa kawaida una madhara, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linaloongoza na ndilo linalofunga breki, na gurudumu lisilo na uzito haliwezi kazi yoyote kati ya hizo. Mikono ikinyooka kabisa, usukani nao hauwezi tena kwenda mbele bila kumvuta mwenyewe. Wanaoshuka vizuri nilipowatazama kwa makini hawako nyuma kama nilivyodhani. Wako chini. Kiuno kinarudi tu kwa kiasi cha ukali wa ardhi, kisha kinarejea katikati ardhi inapolegea.

Hapa baiskeli ya krosi-kantri ina lawama yake. Imeundwa iwe nyepesi na ipande, na kiti chake kiko juu ili mguu unyooke vizuri. Kikibaki juu wakati wa kushuka, kinamsukuma mtu kwenye makalio na kumnyima nafasi ya kushuka chini. Ndiyo maana washindani wa kimataifa, waliokuwa wakihesabu kila gramu, wamekubali kubeba bomba la kiti linaloshuka kwa kubonyeza kitufe kilicho kwenye usukani, uzito wa ziada na yote. Wachache huku wana kifaa hicho; bei yake yaweza kununua baiskeli nzima ya mitumba. Wasio nacho hufungua kishikio cha kiti kwa mkono kabla ya mteremko mrefu wa mazoezi, wakakishusha, wakakipandisha tena chini. Inachelewesha, lakini inafundisha mwili mahali unapotakiwa kuwa, na mwili ukishapajua hupatafuta hata kiti kikiwa juu.

Sasa breki. Wengi tulilelewa na onyo moja: usiguse breki ya mbele, utapinduka. Onyo hilo lilikuwa na maana kwa mtoto aliyekalia baiskeli kubwa ya babake. Kwa mpanda wa mlimani ni kifungo. Baiskeli inapopunguza kasi, uzito husogea mbele, gurudumu la mbele likakandamizwa ardhini na kushika zaidi, na la nyuma likainuka na kulegea. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, na ya nyuma hufikia upesi mahali pa kuburuta tairi tu. Mburuto huo una kelele na vumbi, watoto wa njiani huupenda, lakini hausimamishi kitu. Anayejua hutumia kidole kimoja kwa kila breki, vingine vitatu vikibaki usukanini. Haikamui ghafla. Anaibana kidogo, anangoja uzito ufike mbele, kisha anaongeza. Na wakati huohuo anashuka chini na kukaza miguu, ili uzito unaokwenda mbele uishie kwenye pedali na usimtupe juu ya usukani. Haya yote hutendeka kwa muda mfupi kuliko unaotumika kuyasoma.

Lakini nguvu ya breki ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mahali. Mshiko wa tairi ni kama mshahara: ukiutumia wote kwenye breki, kona utailipia kwa ngozi. Tairi linalotakiwa kusimama na kupinda kwa wakati mmoja hugawa mshiko wake, na kwenye changarawe mgao hautoshi. Basi fundi humaliza kazi ya breki kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima na njia ikiwa imenyooka, penye udongo imara hata kama hapo si karibu sana na kona. Akiingia konani, vidole vimelegea. Hesabu nayo inamtetea: kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama tangu breki zinaposhikwa huongezeka mara 4. Kwa hiyo kupunguza kidogo mapema kuna thamani kubwa kuliko kubana sana kwa kuchelewa. Anayeonekana kuwa mwoga mita 15 kabla ya kona ndiye anayetoka konani kwa kasi.

Kwenye kona yenyewe anailaza baiskeli zaidi kuliko anavyojilaza mwenyewe. Mkono wa ndani husukuma usukani chini, mguu wa nje hushuka na kubeba uzito, na meno ya pembeni ya tairi yanaingia udongoni. Kiwiliwili kinabaki juu ya mahali matairi yanapogusa ardhi. Kona za huku hazina ukuta wa udongo wa kumpokea mtu kama zile za bustani za baiskeli za Ulaya. Ni kona bapa, mara nyingi za pembe mraba, kwa sababu mashamba yalipimwa kwa kamba na barabara zikafuata mistari ya mikahawa. Hapa naomba ruhusa ya kuchepuka. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ni mmea mfupi, ulioshikana. Ile SL28 ya zamani hurefuka. Wataalamu hawakuwa na baiskeli akilini, ila mtu anayeteremka kati ya Ruiru 11 ana bahati ya kuona juu ya kona ni nani anayekuja, na kati ya SL28 hana. Miezi ya Oktoba hadi Desemba, wakati wa mavuno makubwa, anayekuja huenda ni mama mwenye debe la buni kichwani, na kasi yoyote isiyoweza kusimama mbele yake ni kasi isiyo na adabu.

Udongo hubadilisha masomo kulingana na majira. Januari na Februari, ardhi nyekundu ya upande wa Gatundu na Mang'u huwa ngumu chini na vumbi laini juu. Tairi huelea juu ya vumbi hilo kabla ya kupata kitu cha kushika, na kila kitendo lazima kifanywe polepole. Mvua ya kwanza ya Machi ndiyo mbaya kuliko zote, maana hulowesha ngozi ya juu tu na kuacha ugumu ule chini. Mvua ikikolea, utelezi hupungua lakini udongo hunata, unajaa kwenye uma wa mbele hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Upande wa mashariki wa barabara kuu, kuanzia Juja kwenda nyanda za Athi, kuna udongo mweusi ambao ukilowa hakuna wa kushindana nao. Mtu hubeba baiskeli yake begani, mwisho wa maneno. Huko pia, karibu na machimbo ya mawe ya Ndarugu, njia zimetapakaa vipande vilivyoanguka kutoka kwenye malori, na vipande hivyo huviringika chini ya tairi. Juu ya mawe hayo hupindi wala hufungi breki. Unanyoosha usukani, unasubiri yaishe.

Yote haya hutegemea macho. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, mtu hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Anayeangalia jiwe lililo mbele ya tairi anaangalia jambo lililokwisha kuamuliwa. Macho ya fundi yako mbali, sekunde mbili tatu mbele: yanachukua picha, yanaiachia mikono, yanakwenda kutafuta nyingine. Tena hayaangalii kile yanachokiogopa. Maji ya mvua huchimba korongo katikati ya barabara za mashambani, na kila aliyewahi kulikodolea macho korongo hilo ameishia ndani yake. Mwili hufuata macho hata pale akili inaposema hapana. Kwa hiyo anayejua huitazama njia nyembamba iliyo kando ya korongo, ile anayoitaka, na korongo analiacha liwe habari ya pembeni.

Olimpiki mbili zimeonyesha jambo hili kwa uwazi. Katika mbio za wanaume za Tokyo, tarehe 26 Julai 2021, Mathieu van der Poel wa Uholanzi alifika kwenye jabali la kushukia katika mzunguko wa kwanza akidhani kuna ubao wa kulipunguza makali, kama uliokuwapo wakati wa mazoezi. Ubao haukuwapo. Gurudumu la mbele likatumbukia, naye akapinduka vibaya, na baadaye akajitoa. Ni mmoja wa watu wenye mikono mizuri kuliko wote duniani, lakini siku hiyo mikono ilipewa habari ya jana. Aliyeshinda ni Tom Pidcock wa Uingereza. Miaka mitatu baadaye, tarehe 29 Julai 2024, huyo Pidcock alipata pancha katika mbio za Paris, akapoteza zaidi ya nusu dakika akibadilishiwa gurudumu, akaanza kuwafuata waliomwacha. Mzunguko wa mwisho ulimkuta na Victor Koretzky wa Ufaransa, nyumbani kwa Koretzky, msituni. Palikuwa na mti. Koretzky akapita upande mmoja, Pidcock akachagua wa pili, wakagusana, na Pidcock akatoka mbele. Wengi wanakumbuka pambano. Mimi nakumbuka kwamba kuna mtu, baada ya zaidi ya saa moja ya kuhema, bado alikuwa na macho ya kuona njia mbili mahali ambapo wengine waliona moja.

Na kuhema huko kuna sababu. Watu hudhani kushuka ni kupumzika. Miguu haipigi pedali, ni kweli, lakini mapaja yamebeba mwili uliochuchumaa, mgongo umekaza, mikono inapokea kila jiwe, na moyo hautulii kama mtu anavyotarajia. Anayebana usukani kwa hofu huchoka mikono hadi vidole vinashindwa kuvuta breki, na hapo ndipo ajali nyingi za mwisho wa mbio hutokea. Anayeshuka akiwa amelegea, akipumua kwa makusudi, huufikia mto akiwa na akiba ambayo mwenzake mwenye mapafu sawa na yake hana. Mpando unaofuata huwa umeshaamuliwa hapo.

Si kwamba ufundi huu uliletwa na baiskeli za bei kubwa. Kabla ya springi na breki za diski, kulikuwa na Black Mamba, baiskeli nzito nyeusi yenye breki za vyuma, na kulikuwa na wanaume walioifunga mitungi ya maziwa nyuma na kuikatisha migongo hii alfajiri. Mzigo wa nyuma huifanya baiskeli iwe nyepesi mbele, usukani ukaanza kuyumba, na breki zile zikilowa hazina ahadi. Wabebaji hao walijua mambo ambayo makocha huyauza leo: kupunguza kasi mapema, kufuata upande wenye udongo mgumu, kutopinda ghafla. Na walijua jambo ambalo makocha hulisahau, kwamba kuna miteremko ya kushuka kwa miguu ukiwa umeishika baiskeli pembeni, na hakuna aibu. Maziwa yaliyomwagika hayamsifu mtu kwa ushujaa.

Kaunti hiihii ya Kiambu, upande wa Kikuyu, ndiko mwendesha baiskeli David Kinjah alikowakusanya vijana wa klabu ya Safari Simbaz, na miongoni mwa waliojifunza kwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akipanda baiskeli za milimani kwenye njia za vumbi kabla ya Ulaya kumjua. Ulaya ilimsifu kwa kupanda. Lakini tarehe 9 Julai 2016, kwenye Tour de France, alishambulia kileleni mwa Peyresourde pale ambapo wapinzani walikuwa wakinywa maji, akateremka hadi Bagnères-de-Luchon ameketi juu ya bomba la fremu, kifua kikiwa kimelala juu ya usukani, bado anapiga pedali. Akashinda hatua hiyo na kuvaa jezi ya njano. Mkao huo ulipigwa marufuku mwaka 2021, na sioni ubaya. Kwenye mizizi na mawe haufai hata kidogo. Kinachonivutia ni kwamba aliutazama mteremko akaona kazi. Huyohuyo, Juni 2019, alipokuwa akikagua njia ya mbio nchini Ufaransa, aliondoa mkono mmoja usukanini apenge kamasi, upepo ukampiga, akavunjika mifupa kadhaa. Kasi haiheshimu mataji.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kinacholeta tofauti kubwa kwa fedha kidogo ni upepo wa tairi. Wengi hujaza tairi hadi liwe gumu, kwa kudhani gumu ndilo lenye kasi, na kwenye changarawe hudunda badala ya kushika. Tairi lisilo na tyubu, lenye maji mazito ya kuziba ndani, huweza kupunguzwa hadi upepo wa chini sana. Lenye tyubu lina kikomo chake, kwani likiwa laini mno tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili. Mtu mwenye pampu na subira hupata kipimo chake mwenyewe. Vishikio vya breki navyo vielekezwe chini kidogo, mkono usipinde. Basi.

Kilicho muhimu zaidi ni kurudia. Wanaoendelea huchagua mteremko mmoja, wautembee kwanza kwa miguu kutoka chini kwenda juu, waamue breki itashikwa wapi, waushuke taratibu, warudi. Siku hiyo hufanya jambo moja tu, labda macho, labda mguu wa nje. Wenye haraka hutaka mteremko mrefu na huuliza habari za mlima Kilimambogo, ambao una mita 2,145 na barabara ndefu ya kutoka kileleni. Lakini hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1967, ina nyati, na nyati hatoi nafasi ya kurudia zoezi. Mteremko wa dakika moja unaoingia Ndarugu hufundisha zaidi, kwa kuwa unaweza kuushuka tena kabla mwili haujasahau.

Miteremko yenyewe inapungua. Mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yanageuka mitaa. Tatu City imesimama mahali palipokuwa na mikahawa, na kila mwaka lango jingine linafungwa au barabara nyingine inawekwa lami. Siwezi kuwalaumu wanaojenga, watu wanahitaji nyumba. Ila wapanda baiskeli wangefanya vyema kuzungumza mapema na wenye ardhi, kumsalimu mlinzi wa lango, kupunguza mwendo penye wachuma kahawa, maana njia hizi wanazitumia kwa hisani.

Linabaki jambo moja ambalo wanaoanza hulisahau wakiwa bado wanafurahia kufika chini salama. Mpando wa upande wa pili huanza kwenye ubao wa mwisho wa daraja. Gia ibadilishwe kabla ya hapo, miguu ikizunguka bila mzigo, ili kasi ya mteremko impandishe mtu hatua za kwanza na mguu ukute gia nyepesi inamsubiri. Anayekumbuka amechelewa huvuta gia huku akikanyaga kwa nguvu zote, cheni inaguguna, mara nyingine inakatika, na mteremko wake mzuri wote unaishia kwa kusukuma baiskeli hadi Mang'u akitafuta fundi.